JSON imefika, objekti imetoka tupu: dalili na vyanzo vyake

Mteja ameghairi malipo kwenye simu yake. M-Pesa imetuma ujumbe wa matokeo kwenye seva yako, na ujumbe unasema wazi kwamba ombi limeghairiwa. Seva imejibu 200, namba ya HTTP ya kusema mambo ni sawa, na logi hazina kosa hata moja. Lakini kwenye hifadhidata agizo limeandikwa LIMELIPWA na mzigo umeshatoka ghalani. Mtandao hauna lawama hapo, wala M-Pesa. Hitilafu imezaliwa kwenye hatua ile fupi ambapo maandishi ya JSON, muundo ambao programu hutumia kupeana data, yanageuzwa kuwa objekti yenye aina zake, hatua ambayo wengi wetu tunaiandika kwa mstari mmoja na kusonga mbele.

Mwongozo huu unafuata dalili: tafuta ile unayoiona kwenye skrini, kisha soma chanzo chake. Mifano mingi ni ya Java yenye Jackson au Gson, maktaba mbili za kusoma JSON. Ujumbe ninaoutumia ni wa Daraja, API ya M-Pesa ya Safaricom, kwa kuwa waandishi wengi wa programu Kenya wanaufahamu, na umbo lake linagusa karibu kila mtego wa kazi hii. Wanaotumia Flutter, Go au C# nao watakuta yanayowahusu.

Kabla ya yote, yaone maandishi yenyewe

Usianze kwa kuhariri klasi. Soma mwili wa jibu kama maandishi, uandike kwenye logi pamoja na namba ya hali ya HTTP na kichwa cha Content-Type, ndipo uukabidhi kwa Jackson. Nyaraka za huduma huonyesha mfano wa siku mambo yakienda vizuri, ila unachohitaji ni kilichofika leo. Ficha namba za simu na tokeni (kitambulisho cha muda cha kuingilia huduma) kabla ya kuandika, maana logi husomwa na watu wengi kuliko tunavyodhani.

Kuna tahadhari moja. Mwili wa HTTP ni mkondo unaosomwa mara moja. Filta ya logi ikishaunywa wote, Jackson atakuta patupu na kulalamika hivi:

`No content to map due to end-of-input`

Ukiona kosa hilo, jiulize kwanza nani mwingine ameusoma mwili kabla yako. Kisha angalia kama seva imejibu 204, ambayo kwa kawaida yake haina mwili. Dawa rahisi ni kuusoma mara moja tu, kuuweka kwenye String, na kila anayeuhitaji atumie String hiyo.

Dalili: `Unexpected character ('<' (code 60))`

Kilichofika si JSON. Alama ya `<` ni mwanzo wa HTML: ukurasa wa kosa wa seva ya kati, ukurasa wa kuingia kwa sababu tokeni imekwisha muda, au anwani uliyoikosea herufi moja. Gson husema jambo hilohilo kwa maneno yanayopotosha kidogo: `Expected BEGIN_OBJECT but was STRING at line 1 column 1 path $`. Ukiona "line 1 column 1", usihangaike na nyuga za klasi yako, yaani sehemu zake za kuwekea data. Programu haijafika hata kwenye uga wa kwanza.

Kama herufi inayolalamikiwa ina kodi 65279, basi faili au jibu limeanza na alama ya BOM isiyoonekana kwa macho. RFC 8259, kiwango cha JSON cha mwaka 2017, inamkataza mtumaji kuiweka alama hiyo mwanzoni mwa JSON inayopita mtandaoni. Iondoe kabla ya kusoma, kisha mwambie mwenye huduma.

Dalili: jibu la mafanikio linasomeka, la kosa linatoa objekti tupu

Huduma nyingi zina maumbo mawili. Ukiomba malipo kupitia Daraja na ombi likapokelewa, utapata `ResponseCode`, `CheckoutRequestID` na wenzao. Tokeni ikiwa mbovu, utapata umbo jingine kabisa lenye `requestId`, `errorCode` na `errorMessage`. Ukilimimina la pili ndani ya klasi ya la kwanza, hakuna uga hata mmoja utakaolingana. Angalia namba ya hali ya HTTP kwanza, kisha uchague klasi. Huo ni uamuzi wako. Maktaba ya JSON haiwezi kukufanyia.

Dalili: `Unrecognized field ... not marked as ignorable`

Jackson amekuta ufunguo asioujua, yaani jina la data ndani ya JSON. Kama huduma imeongeza uga mpya usiouhitaji, weka `@JsonIgnoreProperties(ignoreUnknown = true)` kwenye klasi na uendelee na kazi. API iliyo hai huongeza nyuga, na programu yako haipaswi kuanguka kwa ajili hiyo.

Lakini soma jina lililotajwa kabla ya kuunyamazisha ujumbe huo. Kama ni uga unaouhitaji, Jackson amekuonyesha kwamba majina hayalingani, na ukimnyamazisha utahamia kwenye dalili inayofuata, ambayo ni mbaya zaidi.

Dalili: hakuna kosa, lakini nyuga ni null

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa sababu hakuna kinachopiga kelele. Spring Boot, fremu ya Java ya kujengea seva, tofauti na ObjectMapper (kisomaji cha Jackson) uliyoiunda mwenyewe katika Jackson 2, huja ikiwa imezima kosa la ufunguo usiojulikana. Gson hana kosa hilo kabisa. Kwa hiyo jina lisipolingana, uga hubaki ulivyozaliwa.

Sababu ya kwanza ni herufi kubwa. Funguo za Daraja huanza na herufi kubwa: `MerchantRequestID`, `ResultCode`. Ukiandika klasi yenye seta (mbinu ya kujaza uga) `setResultCode`, Jackson anakisia kwamba ufunguo ni `resultCode`, kwa r ndogo. Hata ukiupa uga wenyewe herufi kubwa, kwa kuwa ni wa faragha Jackson anafuata seta. Taja jina waziwazi kwa `@JsonProperty("ResultCode")`. Klasi ikiwa na nyuga nyingi za mtindo huo, ipe `PropertyNamingStrategies.UpperCamelCaseStrategy`. Kwa C#, kumbuka kwamba System.Text.Json hutofautisha herufi kubwa na ndogo usipomwambia vinginevyo, ilhali Newtonsoft hajali. Timu inayohama kutoka maktaba moja kwenda nyingine hukuta objekti zimekuwa tupu bila mtu kugusa klasi.

Sababu ya pili ni ganda. Tazama ujumbe wa malipo yaliyoghairiwa:

```json
{"Body": {"stkCallback": {
  "MerchantRequestID": "...",
  "CheckoutRequestID": "ws_CO_...",
  "ResultCode": 1032,
  "ResultDesc": "Request cancelled by user"
}}}
```

Unachokitaka kimefunikwa mara mbili. Ukimpa Jackson klasi ya matokeo moja kwa moja, atatafuta `ResultCode` kwenye ngazi ya juu na kukuta `Body` peke yake. Ama uandike klasi za maganda, ama uteremke kwanza:

```java
JsonNode kiini = mapper.readTree(mwili).at("/Body/stkCallback");
if (kiini.isMissingNode()) {
    throw new IllegalArgumentException("Ujumbe hauna stkCallback");
}
Matokeo m = mapper.treeToValue(kiini, Matokeo.class);
```

Dalili: namba ni 0, na hukuitarajia

Turudi kwenye agizo lililoandikwa LIMELIPWA, kwa sababu hii ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote. Uga wa aina `int` katika Java hauwezi kuwa null. Usipojazwa unabaki 0. Go nako ni hivyohivyo, na C# pia. Sasa, katika Daraja, `ResultCode` ya 0 maana yake malipo yamefanikiwa. Unganisha mambo hayo mawili: jina halikulingana, maktaba ikanyamaza, uga ukabaki 0, na programu ikasoma 0 kama ushindi. Malipo yaliyoghairiwa yenye 1032, yaliyokosa salio yenye 1, na yale ambayo simu haikupatikana yenye 1037, yote yanaingia kwenye vitabu kama fedha taslimu.

Majaribio hayalishiki kosa hili ikiwa umejaribu malipo yanayofanikiwa tu, kwa kuwa jibu sahihi na jibu lililopotea yanafanana. Jaribu kughairi. Jaribu simu iliyozimwa.

Tiba ni kuufanya ukosefu uonekane. Tumia `Integer` badala ya `int`, na udai ufunguo uwepo:

```java
@JsonIgnoreProperties(ignoreUnknown = true)
record Matokeo(
  @JsonProperty(value = "CheckoutRequestID", required = true) String kumbukumbu,
  @JsonProperty(value = "ResultCode", required = true) Integer jibu,
  @JsonProperty("ResultDesc") String maelezo,
  @JsonProperty("CallbackMetadata") Viambatisho viambatisho) {}
```

Kwenye rekodi na konstrakta, `required = true` humfanya Jackson asimame na kusema `Missing required creator property`. Kwenye klasi ya kawaida inayojazwa kwa seta, neno hilo halifanyi chochote wakati wa kusoma, na wengi hawalijui hilo. Hata kwenye rekodi linakagua kama ufunguo upo tu. Thamani ikiwa null iliyoandikwa waziwazi inapita, kwa hiyo ongeza ukaguzi wako wa null. Kwa Gson hakuna njia ya mkato: andika ukaguzi kwa mkono mara tu baada ya kusoma. Kwa C# 11 na kuendelea, neno `required` kwenye propati linaheshimiwa na System.Text.Json tangu .NET 7.

Mimi husimama upande wa kosa linalopiga kelele. Ujumbe mmoja uliokataliwa utaonekana kwenye logi na utashughulikiwa leo. Mia zilizosomwa vibaya kimya kimya zitagunduliwa na mhasibu mwisho wa mwezi.

Angalia pia `viambatisho`. Malipo yakifanikiwa, `CallbackMetadata` huja na kiasi, namba ya risiti, tarehe na namba ya simu. Yakishindikana haiji kabisa. Ukiandika `m.viambatisho().vipengele()` bila kuuliza, utapata NullPointerException kwa kila mteja aliyeghairi.

Dalili: namba ya simu imekuwa 2.547E11, au `out of range of int`

Ndani ya `CallbackMetadata` kuna orodha ya `Item`, kila kimoja kikiwa na `Name` na `Value`. `Value` ya `MpesaReceiptNumber` ni maandishi, ya `Amount` ni namba yenye desimali, ya `PhoneNumber` ni namba ya tarakimu 12. Aina gani itabeba zote? Wengi huandika `Object`, na hapo Gson hugeuza kila namba kuwa Double. Simu inachapishwa kama 2.547E11 na kuhifadhiwa hivyo. Tangu toleo la 2.8.9 unaweza kumpa `setObjectToNumberStrategy(ToNumberPolicy.LONG_OR_DOUBLE)`. Kwa Jackson, napendelea kuiacha ikiwa `JsonNode` na kuamua baadaye kwa kufuata jina:

```java
record Viambatisho(@JsonProperty("Item") List<Kipengele> vipengele) {}

record Kipengele(
  @JsonProperty("Name") String jina,
  @JsonProperty("Value") JsonNode thamani) {}
```

Kipengele kinaweza kuja na jina bila thamani, kama kile cha `Balance`. Kwa hiyo uliza kama `thamani` ni null kabla ya kuiita `asText()` au `decimalValue()`.

Namba ya simu isome kama maandishi. Haijumlishwi wala haigawanywi. Ukiiweka kwenye `int`, inazidi kikomo cha 2,147,483,647 na Jackson atasimama. Ukiiweka kwenye `long` itaingia, lakini siku huduma nyingine itakapokuletea namba inayoanza na 07, sifuri ya mbele itapotea, au JSON yenyewe itakataliwa kwa sababu namba haziruhusiwi kuanza na sifuri isiyo na maana. Kiasi cha fedha kisome kama `BigDecimal`, kamwe kisiwe `double`.

Vitambulisho virefu vya hifadhidata vina tatizo la jirani. JavaScript hushika namba kamili kwa usahihi hadi 9,007,199,254,740,991 tu. Kitambulisho kikizidi hapo, tarakimu za mwisho hubadilika kwenye kivinjari hata kama seva imekituma sawasawa. Kitume kama maandishi.

Dalili: uga uleule unasomeka hapa, unakataliwa pale

Kwenye ujumbe wa matokeo, `ResultCode` ni namba. Ukiuliza hali ya muamala kwa ombi la pili, `ResultCode` inarudi ikiwa maandishi, `"0"` ndani ya alama za nukuu. `expires_in` ya tokeni nayo ni maandishi, `"3599"`. Jackson huvumilia na kugeuza mwenyewe, kwa hiyo mtu wa Java huenda asitambue kamwe. Go hukataa kwa `cannot unmarshal string into Go struct field`, na System.Text.Json husema thamani haiwezi kugeuzwa kuwa `System.Int32`. Kwa C# weka `JsonNumberHandling.AllowReadingFromString`. Kwa Go, kwa uga ambao siku zote huja kama maandishi, ongeza `,string` kwenye tagi yake. Usitumie struct moja kwa majibu yote mawili kwa sababu tu majina yanafanana.

Wa Flutter hukutana na ndugu yake: `type 'int' is not a subtype of type 'double'`. Kiasi kikija kama `10.5` Dart, lugha ya Flutter, anaona double. Kikija kama `10` anaona int, na `as double` inakataa. Andika `(json['Amount'] as num).toDouble()`. Kinachochanganya ni kwamba ukiendesha programu kwenye Chrome kosa halitokei, kwa kuwa huko namba zote ni za JavaScript, kisha linatokea kwenye simu ya mteja. Jaribu kwenye simu halisi.

Dalili: tarehe ni ya mwaka 2611

`TransactionDate` huja kama namba, kwa mfano 20240315143005: mwaka, mwezi, siku, saa, dakika, sekunde, zote zimeshikamana. JSON haina aina ya tarehe. Ukitangaza uga kuwa `java.util.Date`, Jackson ataichukulia namba hiyo kama milisekunde tangu mwaka 1970 na kukupeleka mwaka 2611 bila kosa lolote. Isome kama maandishi, kisha:

```java
LocalDateTime wakati = LocalDateTime.parse(
    thamani.asText(), DateTimeFormatter.ofPattern("yyyyMMddHHmmss"));
ZonedDateTime nairobi = wakati.atZone(ZoneId.of("Africa/Nairobi"));
```

Mstari wa pili usiruke. Tarakimu hizo hazibebi ukanda wa saa, na seva yako ikiwa imewekwa kwenye UTC, kila muamala utaonekana umefanyika saa tatu baadaye. Miamala ya jioni itahamia tarehe ya kesho na ripoti ya siku haitalingana.

Kosa la `Java 8 date/time type ... not supported by default` ni jepesi: ongeza moduli ya jackson-datatype-jsr310 na uisajili kwenye ObjectMapper.

Dalili: ilitarajiwa `[`, imekuja `{`

Gson husema `Expected BEGIN_ARRAY but was BEGIN_OBJECT`. Jackson hutaja `START_OBJECT`. Mara nyingine umesahau ganda tu: orodha imo ndani ya ufunguo kama `data`. Kosa likija siku moja na kutoweka kesho yake, shuku upande wa mtumaji. Seva inayogeuza XML kuwa JSON mara nyingi hutoa orodha vikiwa vitu viwili na objekti kikiwa kimoja. Hapo `ACCEPT_SINGLE_VALUE_AS_ARRAY` inasaidia. Seva ya PHP ina yake: safu iliyopitishwa kwenye `array_filter` hubaki na mapengo kwenye namba za nafasi, na `json_encode` huigeuza kuwa objekti yenye funguo "0", "2", "5". Aliyeandika upande huo aipitishe kwenye `array_values` kwanza. Na safu tupu ya PHP hutoka kama `[]` hata pale ulipotarajia objekti.

Dalili: `LinkedHashMap cannot be cast to class ...`

Orodha imesomeka, imepita, kisha programu inaanguka mbali na pale ulipoisoma. Uliandika `mapper.readValue(mwili, List.class)`, na Java haikumbuki aina iliyomo ndani ya List. Tumia `new TypeReference<List<Kipengele>>() {}`. Kwa Gson jina linalotajwa ni `LinkedTreeMap`, na dawa ni `TypeToken`.

Dalili: kwenye majaribio inafanya kazi, kwenye programu iliyopakiwa dukani nyuga ni null

Android pekee. R8, zana ya kubana programu za Android, hubadilisha majina ya nyuga kuwa a, b, c ili kupunguza ukubwa, na Gson hutafuta ufunguo kwa jina la uga. Weka `@SerializedName` kwenye kila uga, pamoja na kanuni za kuzilinda klasi hizo. Wa Kotlin wana sababu ya ziada ya kuwa macho: Gson huweza kuunda objekti bila kupitia konstrakta, hivyo uga wa `String` usioruhusu null hujikuta na null, na programu huanguka baadaye mahali pasipohusika. Maktaba za Moshi na kotlinx.serialization hukataa mapema, na kwa mradi mpya wa Kotlin ningechagua mojawapo.

Ukishapata chanzo

Chukua maandishi ghafi yaliyoleta tatizo, futa namba ya simu na kila kinachomtambulisha mteja, uyahifadhi kama faili ndani ya folda ya majaribio, kisha uandike jaribio linaloyasoma na kukagua kila uga unaoutegemea. Kwa malipo ninaanza na faili nne: yaliyofanikiwa, yaliyoghairiwa, jibu la tokeni mbovu, na ujumbe ulioondolewa `ResultCode` kwa makusudi. Jaribio la faili ya nne lipite pale tu usomaji unapokataa.